Kwa nini Mmarekani Mweusi aliishika dini ya aliyemtumikisha? Ndoto, ubaguzi na imani katika maandishi yao

Mwalimu wa Tudor ameuliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Mombasa, na Jumamosi alasiri huwa nasoma na kikundi cha vijana waliomaliza kidato cha nne vitabu ambavyo havimo katika mtaala. Baadhi yao ni Waislamu na baadhi ni Wakristo. Hivi sasa tunasoma tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, iliyoonyeshwa Broadway, kitovu cha maigizo cha New York, mwaka 1959 na kuwa tamthilia ya kwanza ya mwanamke Mweusi kufika huko. Kwa asiyeijua, inahusu familia ya Younger inayobanana katika nyumba ya kupanga upande wa kusini wa Chicago, ikingoja hundi ya bima ya dola 10,000 baada ya baba kufariki. Kila mmoja ana ndoto yake juu ya fedha hizo. Lena, ambaye ndiye mama mtu, anataka nyumba yenye nafasi ya bustani. Mwanawe Walter anataka kuingia ubia wa duka la pombe. Na binti, Beneatha, anataka kusomea udaktari.

Tulipofika pale Beneatha anapomwambia mama yake kwamba amechoka kusikia Mungu akisifiwa kwa mambo ambayo binadamu ameyafanya kwa jasho lake mwenyewe, na kwamba hakuna Mungu, yuko binadamu tu na ndiye mtenda miujiza, hapakusomeka tena siku hiyo. Mama anayasikiliza maneno yale hadi mwisho, anamtazama bintiye, anainuka polepole, anavuka chumba na kumzaba kofi zito la uso. Kisha anamwamuru arudie kwa kinywa chake kwamba katika nyumba ya mama yake Mungu bado yupo. Na Beneatha anarudia.

Kijana mmoja akasema kwamba kofi lile ni la bwana wa shamba, ila safari hii limepigwa kwa mkono wa mama Mweusi, kwa sababu Mungu ambaye Lena anamtetea ndiye yule yule aliyehubiriwa na waliomtumikisha babu yake. Binti mmoja akamjibu kwa uchungu kwamba asingalikuwa na Mungu huyo, Lena asingalikuwa na nguvu za kumzika mumewe, kuwalea wanawe katika chumba kisichopata jua, na bado kuthubutu kununua nyumba katika mtaa wa Wazungu wasiomtaka. Wote wawili walisema kweli kwa namna yao, na mimi sikutaka kuwapatanisha kwa maneno mepesi.

Ndiyo maana naomba msaada wenu. Ilikuwaje watu walionunuliwa na kuuzwa na Wakristo wakaushika Ukristo hata ukawa moyo wa fasihi yao? Waliokwenda kule wakiwa Waislamu waliacha maandishi gani? Na je, ndoto inayotajwa kila mahali katika maandishi haya ingesimama bila imani, au imani ndiyo iliyoizaa? Naomba majibu yenye ushahidi, kwa kuwa vijana hawa hawakubali kuambiwa tu.

Mzee wa Kengeleni amejibu:

Mwalimu, salaam. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na swali la kijana wako nimelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watoto wa waumini. Anastahili kujibiwa bila kukemewa.

Kwanza akubaliwe pale aliposema kweli. Dini ilitumiwa kweli kuwafunga watu wale, tena na watu waliokuwa wakisali. Hoja iliyopendwa sana na wahubiri wa Kusini mwa Marekani ilikuwa laana ya Hamu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, ambako walidai kwamba Waafrika, kwa kuwa ni uzao wa Hamu, walilaaniwa kuwa watumwa. Anayeifungua sura hiyo na kuisoma taratibu ataona kwamba Nuhu hakumlaani Hamu hata kidogo. Aliyelaaniwa ni Kanaani, mtoto wa Hamu, na habari za rangi ya ngozi hazimo. Hata hivyo mafundisho hayo yalihubiriwa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1845 Wabaptisti wa Kusini walijitenga na wenzao wa Kaskazini wakaunda jumuiya yao, na kiini cha ugomvi kilikuwa kama mwenye watumwa aweza kutumwa kuwa mmisionari. Jumuiya hiyo iliomba radhi rasmi kwa jambo hilo mwaka 1995, miaka 150 baadaye.

Mwaka ule ule wa 1845 ndipo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland na kutoroka mwaka 1838, alipochapisha habari za maisha yake. Mwalimu, wasomee vijana wako sehemu anayomweleza bwana wake, Thomas Auld. Mnamo Agosti 1832 bwana huyu alihudhuria mkutano wa injili wa Wamethodisti na akaokoka. Douglass anasema alitumaini mojawapo ya mambo mawili: ama atawaachilia watumwa wake, ama angalau atakuwa mpole zaidi. Halikutokea lolote kati ya hayo. Nyumba ikajaa sala asubuhi na jioni, wahubiri wakawa wageni wa kila mara, na ukatili ukazidi, kwa kuwa sasa ulikuwa na aya ya kuutetea. Douglass alimwona akimfunga msichana mlemavu, ambaye mikono yake iliungua motoni alipokuwa mdogo, akimcharaza mgongo wazi hadi damu ikamchuruzika, huku akimkariria maneno ya Injili ya Luka kwamba mtumwa ajuaye mapenzi ya bwana wake asiyatende atapigwa sana. Na Douglass alipoanza kufundisha watumwa wenzake kusoma Agano Jipya siku ya Jumapili, waliokuja na marungu kuvunja darasa lile walikuwa viongozi wa madarasa ya kanisa.

Sasa angalia alichofanya mtu huyu aliyeyaona hayo yote. Mwishoni mwa kitabu aliongeza maelezo ya kuhakikisha kwamba msomaji hatamdhania kuwa adui wa dini, akatenganisha Ukristo wa nchi ile na Ukristo wa Kristo, akasema kwamba umbali ulio baina yake ni mpana kiasi kwamba ukiupokea mmoja kuwa mwema huna budi kuukataa wa pili kuwa mwovu. Alikataa kumwachia Thomas Auld Mungu. Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa kijana wako. Watumwa walisikia mahubiri ya mabwana wao, naam, lakini walikuwa na masikio yao. Bwana alihubiri utiifu kutoka katika nyaraka za Paulo, na wao usiku, vichakani, mbali na msimamizi, waliimba habari za Musa na Farao. Na katika hadithi hiyo kila mtumwa alijua Farao ni nani.

Hawakuishia kuimba. Huko Philadelphia, Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa na kuununua uhuru wake, alijitenga na kanisa la Wazungu baada ya waumini Weusi kuinuliwa kwa nguvu walipokuwa wamepiga magoti wakisali, kwa sababu tu walikaa mahali ambapo hawakutakiwa. Mwaka 1794 kanisa lake la Betheli likafunguliwa, na mwaka 1816 likawa mwanzo wa dhehebu kamili linaloongozwa na Weusi wenyewe, ambalo lipo hadi leo. Imani ya Lena Younger inatoka katika ukoo huo, na anayeiita mali ya bwana wa shamba anamsahau Allen.

Neno moja la kwetu. Mimi nakaa karibu na kengele iliyoupa mtaa huu jina. Frere Town ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya utumwa, na wengi wao wakawa Wakristo. Hadhi ya utumwa katika pwani yetu haikukomeshwa kisheria hadi mwaka 1907. Wala waliouza na walionunua huku hawakuwa wa dini moja tu. Vijana wa Mombasa wasiisome habari ya Maryland kana kwamba ni aibu ya wengine.

Bint Kibokoni ameandika:

Shikamoo mzee, na asante kwa maelezo yako. Mwalimu, nitakujibu juu ya Waislamu, kwa kuwa jambo hili liko karibu mno na moyo wangu na nasikitika kwamba madrasa zetu hazilifundishi.

Waislamu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo wanavyuoni. Ayuba Suleiman Diallo wa Bundu aliuzwa Maryland mapema miaka ya 1730, akafika Uingereza mwaka 1733 na huko akaiandika Qur'ani kwa kumbukumbu, kisha akarudi kwao Afrika. Ila ninayependa kumzungumzia ni Omar ibn Said. Alizaliwa yapata mwaka 1770 Futa Toro, sehemu ambayo leo ni Senegal, na kwa maelezo yake mwenyewe alitafuta elimu kwa miaka 25. Mwaka 1807 alikamatwa vitani, akavushwa bahari hadi Charleston, karibu kabisa na kuanza kwa marufuku ya kuingiza watumwa Marekani, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1808. Akamtoroka bwana aliyemtaja kuwa kafiri asiyemcha Mungu, akakamatwa North Carolina na kufungwa jela katika mji wa Fayetteville, na inasimuliwa kwamba huko aliokota makaa akaandika Kiarabu ukutani. Watu wakaja kumtazama yule mtumwa aandikaye. Jamaa ya Owen ikamnunua, na akabaki mikononi mwao hadi alipofariki, akiwa bado mtumwa, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865.

Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Ni kurasa chache tu. Lakini kabla ya kusema lolote juu yake mwenyewe, aliandika sura nzima ya Qur'ani kutoka kichwani, nayo ni Suratul Mulk, ile ambayo sisi huku tumezoea kuiita Tabaraka na ambayo watoto wengi wa Mombasa huihifadhi kabla hawajajua kusoma gazeti. Nyanya zetu huisoma kila usiku kabla ya kulala. Fikirini basi sura hiyo inaanza kwa kusema nini: ametukuka ambaye mkononi mwake mna ufalme wote, na Yeye ni Muweza wa kila kitu. Mtu aliyeandikwa katika daftari za mali za mtu mwingine, anapopewa karatasi aeleze maisha yake, anaanza kwa kutangaza kwamba milki yote ni ya Mwenyezi Mungu. Anayewasifu mabwana zake katika kurasa zinazofuata, na huwasifu kweli, amekwisha kusema jambo hilo juu kabisa ya ukurasa, kwa lugha ambayo wao hawakuisoma.

Mabwana hao walitangaza kwamba Omar ameingia Ukristo. Walimpatia Biblia ya Kiarabu, na yapo maandishi yake ya Zaburi ya 23 na ya Sala ya Bwana. Lakini aliendelea kutanguliza Bismillahi na kumsalia Mtume katika maandishi yake. Alivyokuwa ndani ya nafsi yake, hiyo ni siri yake na Mola wake, na mimi siipendi ile tabia ya kila upande kumvuta kwake kana kwamba bado yuko sokoni. Mwaka huo huo wa 1831, mwezi wa Agosti, Nat Turner, mhubiri Mweusi aliyeamini kwamba ameonyeshwa maono na Mungu, aliongoza uasi wa watumwa katika jimbo la Virginia, na baada yake majimbo ya Kusini yakazikaza sheria dhidi ya kuwafundisha watumwa kusoma na dhidi ya wahubiri Weusi. Katika hali hiyo, kila herufi aliyoiandika Omar ilikuwa na uzito wake.

Nimtaje pia Malcolm X, japo kwa ufupi, kwa kuwa anajulikana zaidi. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Yeye aliupata Uislamu gerezani kupitia jumuiya ya Elijah Muhammad, iliyofundisha kwamba Mzungu ni shetani kwa asili yake, mafundisho ambayo Mwislamu wa kawaida wa huku kwetu asingeyatambua. Aliachana na jumuiya hiyo Machi 1964, akaenda Hija Aprili, na kutoka Makka akaandika kwamba amekula sahani moja na kusali safu moja na Waislamu wenye macho ya buluu, na kwamba yaliyomfika humo yamemlazimisha kuyapanga upya mawazo yake. Mwaka huo huo alizuru Afrika Mashariki na kuonana na Nyerere na Kenyatta. Aliuawa New York tarehe 21 Februari 1965. Ninalotaka vijana waone ni kwamba imani ile ile aliyoitegemea kupambana na ubaguzi wa wengine ndiyo iliyomtaka aung'oe uliokuwa ndani yake. Kwa mtu aliyeonewa tangu utotoni, kazi hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Msomaji wa Likoni ameandika:

Nawaheshimu mzee na dada, na nimejifunza. Hata hivyo naona mazungumzo yanaelekea kuifanya imani kuwa chanzo cha kila jema, nami nadhani Hansberry mwenyewe asingekubali. Tuangalie kwanza ndoto yenyewe, kisha nyumba.

Wapuriti, Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali, waliovuka bahari kwenda Marekani mwaka 1630 wakiongozwa na John Winthrop walikuwa na ndoto ya kujenga jamii ambayo ingekuwa mji juu ya kilima, maneno yaliyochukuliwa katika Injili ya Mathayo, macho ya dunia yote yakiutazama. Walikuwa wamekimbia kubughudhiwa kwa ajili ya dini yao. Miaka michache baadaye walimfukuza Roger Williams kwa kufundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na mwaka 1660 walimnyonga Mary Dyer huko Boston kwa kosa la kurudi mjini akiwa Mquaker, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo walilolipiga marufuku. Basi ndoto yenye imani ndani yake inaweza kuwa na kitanzi pia. Maneno yenyewe ya ndoto ya Kimarekani yalienezwa na mwanahistoria James Truslow Adams mwaka 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, akimaanisha nchi ambayo kila mtu angepata maisha bora kulingana na uwezo wake bila kujali alizaliwa wapi. Ni maneno mazuri. Lakini mwaka 1934 serikali ilianzisha idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, na idara hiyo ikakataa kudhamini mikopo katika mitaa ya Weusi, hivyo mlango mkuu wa kujipatia mali ukafungwa kwa sheria na kanuni za ofisini.

Hansberry aliyajua haya kwa mwili wake. Mwaka 1937 baba yake, Carl, alinunua nyumba katika mtaa wa Chicago ambao wenye nyumba walikuwa wamewekeana mkataba wa kutomuuzia wala kumpangishia mtu Mweusi. Kundi la watu likaizingira nyumba, tofali likarushwa ndani, likamkosa kidogo Lorraine aliyekuwa mtoto mdogo. Kesi juu ya mkataba huo ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 Carl akashinda, ila kwa hoja finyu ya kiutaratibu iliyoiacha mikataba ya aina hiyo ikiwa hai. Mahakama zilikatazwa kuitekeleza mwaka 1948, na Carl alikuwa amekwisha kufariki miaka miwili kabla.

Ndiyo maana mtu anayekuja kwa familia ya Younger katika tamthilia hatukani wala hashiki rungu. Bwana Lindner anavua kofia, anakaa, anazungumza kwa adabu juu ya watu wenye maslahi yanayofanana kuishi pamoja, kisha anatoa pendekezo la kuinunua nyumba yao kwa faida ili wasihamie. Mpwani yeyote ambaye wazee wake wameishi juu ya ardhi wasiyo na hati yake, na ambaye amewahi kutembelewa na mgeni mpole mwenye karatasi, ataielewa sehemu hiyo upesi kuliko msomaji wa New York.

Kwa hiyo namuunga mkono Beneatha zaidi ya mlivyomuunga nyinyi. Anasema kweli kwamba aliyechoka ni binadamu na aliyefanya kazi ni binadamu. James Baldwin, mwandishi Mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1924, alikuwa mhubiri tangu miaka 14, akaiacha mimbari baada ya miaka mitatu hivi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1963 aliandika kwamba kama dhana ya Mungu ina manufaa yoyote, ni kutufanya tuwe wapana zaidi wa moyo, huru zaidi na wenye upendo zaidi. Na kama hawezi kufanya hivyo, basi ni wakati wa kuachana naye. Hayo ni maneno ya mtu aliyeipenda dini kiasi cha kuidai hesabu. Nashauri kikundi chenu kiyasome kando ya lile kofi.

Mzee wa Kengeleni amejibu:

Ndugu wa Likoni, nakushukuru, na sitapingana nawe juu ya hati na mikopo. Sala haijawahi kuchukua nafasi ya wakili. Lakini nadhani umeiruka sehemu moja ya swali la mwalimu, nayo ni kama ndoto ingesimama bila imani.

Harriet Tubman alitoroka utumwa Maryland mwaka 1849, kisha akarudi huko mara kama 13 kuwatoa wengine, wapatao 70. Alipokuwa msichana alipigwa kichwani na kipande kizito cha chuma kilichorushwa na msimamizi, na tangu siku hiyo alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla na kuona ndoto ambazo aliamini zinatoka kwa Mungu. Anayetaka aziite dalili za ubongo uliojeruhiwa. Yeye alizichukua kuwa maelekezo, akapanga safari zake akizitegemea, na akasema kwamba hakupoteza abiria hata mmoja, yaani hata mmoja wa aliowatoa. Kwa mtu huyo, ndoto ilikuwa amri ya kuinuka na kwenda.

Ndoto aliyoihutubia Martin Luther King Washington tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu zaidi ya 200,000, ni ya namna hiyo. Inasemekana mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu yake, alimpazia sauti awaeleze watu juu ya ndoto, na hapo akaiacha karatasi aliyokuwa akiisoma. Msikilizeni vizuri: mabonde yatakayoinuliwa ni ya Isaya sura ya 40, na haki itakayotiririka kama maji ni ya Amosi sura ya 5. Ni sauti ya nabii anayelishitaki taifa lake. Na Aprili ya mwaka ule ule, akiwa jela huko Birmingham, alikuwa amewaandikia barua ndefu viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, waliomtaka asubiri. Aliwaambia kwamba anayemkatisha tamaa zaidi ni Mzungu wa wastani anayependa utulivu kuliko haki, na kwamba kanisa limemhuzunisha. Anayedhani imani ya watu hawa ilikuwa ya kupumbaza aisome barua hiyo. Wiki chache baada ya hotuba, tarehe 15 Septemba, bomu likalipuliwa katika kanisa la Wabaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, asubuhi ya Jumapili, likawaua wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 11.

King mwenyewe aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, akiwa kwenye ubaraza wa Lorraine Motel. Mahali pale leo ni jumba la makumbusho, na kipo kibao cha ukumbusho chenye aya kutoka kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, maneno ya ndugu zake Yusufu walipomwona akija kwa mbali: tazameni, yuaja yule mwota ndoto, haya na tumwue, nasi tutaona ndoto zake zitakuwaje.

Bint Kibokoni ameandika:

Mzee, umenigusa hapo, kwa sababu hadithi ya Yusuf ni yetu sote, na katika Qur'ani imepewa sura nzima. Mwalimu, kama unataka mahali ambapo vijana wako wa Kiislamu na wa Kikristo watakaa meza moja, anza nayo. Ndani yake mna yote uliyoyauliza: mtoto anaota, ndugu wa damu wanamchukia, wanamtupa kisimani, anauzwa kwa thamani duni, anakuwa mtumwa ugenini, anafungwa kwa kusingiziwa, na imani yake haimtoki. Watumwa wa Marekani hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria kisa hicho.

Ipo tofauti moja baina ya vitabu vyetu ambayo ingefaa kujadiliwa. Katika Mwanzo, Yusufu anawasimulia ndugu zake ndoto zake, nao wanazidi kumchukia. Katika Qur'ani, anamweleza babake, naye Yaaqub anamwonya asiwahadithie nduguze wasije wakamfanyia vitimbi. Omar ibn Said, aliyeandika kwa lugha ambayo mabwana zake hawakuisoma, naona alikuwa chini ya onyo la Yaaqub. Mama Lena, anayenunua nyumba waziwazi katika mtaa usiomtaka, na King aliyeyasema yake mbele ya kamera za nchi nzima, walichukua njia ya Yusufu wa kitabu cha Mwanzo. Mimi siwezi kusema ipi iliyohitaji ujasiri zaidi.

Mwalimu wa Tudor ameandika:

Nawashukuru sana nyote. Jumamosi ijayo nitawasomea kisa cha Thomas Auld, kisha maneno ya Baldwin, halafu nimwombe kijana na binti waliobishana wabadilishane pande, kila mmoja amtetee mhusika aliyempinga. Nakubaliana na ndugu wa Likoni kwamba tusimwache Beneatha peke yake, hasa kwa kuwa Hansberry alimpa akili na hoja kamili, na hakumfanya kuwa mtoto mtukutu wa kurudiwa. Wala sidhani kofi lile limemshinda, kwa sababu mama anapotoka chumbani, binti bado anasema kwamba ukali wote duniani hautamweka Mungu mbinguni.

Dada wa Kibokoni, hayo maandishi ya Omar yanaweza kuonekana wapi? Wawili katika kikundi wamehitimu madrasa na ningependa wajaribu kuyasoma wenyewe.

Bint Kibokoni ameandika:

Yamo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo iliyapata mwaka 2017 na baadaye ikaweka picha za kurasa zote kwenye tovuti yake bila malipo. Waambie vijana kwamba hati ni ya Kimaghribi, hivyo wasishangae wakiona fa imewekewa nukta chini na qaf ina nukta moja juu. Waanze na kurasa za Tabaraka, kwa kuwa maneno wanayajua na macho yatauzoea mkono wake, ndipo waingie katika habari za Charleston na Fayetteville. Wakikwama, nileteeni nakala hapa Kibokoni, tutasoma pamoja.